Acheni Kutukana Turbo, Tukaneni Oili Mnayoweka

Wadau, leo nitaudhi watu na sitaomba msamaha. Hii maneno ya "turbo ni ugonjwa" hapa Kisii imetosha. Mtu ananunua Forester XT, inakufa kabla hata hajaizoea, halafu lawama zote anapeleka Japani. Kwani ni Mjapani alikuwa anakuwekea oili ya kupimiwa kutoka kwa dramu?

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukielekea Keroka unazidi kupanda. Huku hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida inavuta hewa kidogo, ndio maana ukibeba familia na mikungu ya ndizi gari inalia tu mlimani. Turbo inasukuma hewa ndani, inarudisha nguvu ambayo mlima umekunyang'anya. Kama kuna Wakenya wanaohitaji turbo ni sisi, si watu wa Mombasa.

Lakini ile feni ndogo ndani ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikisukumwa na moshi moto wa ekzosi. Shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi. Oili ikizeeka inaungua, inageuka uchafu, inaziba njia. Kwenye Subaru nyingi za injini ya EJ kuna kichujio cha wavu ndani ya boliti inayopeleka oili kwa turbo, kadogo kabisa. Kikiziba, turbo inakauka. Mafundi wangapi hapa mjini wamewahi kukifungua?

Toyota kule Japani inaambia wenye turbo ya petroli wabadilishe oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu kama ya milimani, 2,500. Sisi tunabandika kikaratasi cha 10,000 na tunalala.

Mjomba wangu alinunua Forester kwa bonasi ya majani chai na mkopo wa sacco. Na mnajua bonasi yetu vile hushindwa na ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa. Gereji moja, sitaitaja, ikawa inamwongezea oili tu bila kumwaga ya zamani. Moshi wa buluu ulipoanza akaambiwa, "Mzee, hiyo ni kawaida ya turbo." Kawaida! Gari ikasimama, mkopo ukaendelea kutembea. Nilipomuuliza risiti za servisi akasema tu, "Kijana, nilimwamini fundi."

Wenye CX-5 ya dizeli msicheke. Safari za Daraja Mbili na kurudi haziipi ekzosi joto la kuchoma masizi yaliyonaswa kwenye kichujio chake. Gari inajaribu kuyachoma, unazima katikati, dizeli inashuka kwenye oili. Kijiti kinaonyesha oili imepanda, mwenye gari anafurahi eti haili oili!

Asubuhi usikanyage kabla injini haijapata joto. Ukitoka kupanda kilima, iache ingurume dakika moja kabla ya kuzima. Nunua oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, mkebe ufunguliwe mbele yako. Ukiona ni gharama, chukua Probox, hakuna aibu.

Na fundi akikuambia kichujio cha turbo hakiko kwa hiyo EJ yako, mwambie afungue boliti mkiwa wawili.