Usikiache Kiswahili Nje ya Chumba cha Mtihani wa Kifaransa

Mtahiniwa wa Kifaransa huambiwa jambo moja tangu kidato cha kwanza: usifikiri kwa Kiswahili. Kwa sehemu kubwa ya somo sina ugomvi na ushauri huo. Ngeli zetu hazitakusaidia kujua kwamba "table" ni ya kike na "livre" ni ya kiume. Hayo ni ya kukariri tu. Lakini tukifika kwenye vitenzi visaidizi vinavyofuatwa na kitenzi kingine, naona ushauri huo unawanyima watahiniwa alama ambazo tayari zilikuwa zao.

Tazama sentensi hii: "Je veux partir." Nataka kuondoka. Kitenzi cha kwanza kimebeba nafsi na wakati, cha pili kimebaki katika umbo lake la kwenye kamusi. Sasa badilisha nafsi: "Nous voulons partir." Tunataka kuondoka. "Partir" hakikuguswa, kama "kuondoka" lisivyoguswa. Huwezi kusema "tunataka tunaondoka", sikio lako litakataa. Lakini "nous voulons partons" nakutana nayo kwenye madaftari kila muhula, na aliyeiandika mara nyingi ni mwanafunzi mwenye bidii. Amekariri jedwali la "partir" vizuri mno, basi akalitumia pasipotakiwa.

Ulinganifu hauishii hapo. "Je sais nager" ni najua kuogelea, maana ulijifunza. "Je peux nager" ni naweza kuogelea, maana leo afya na nafasi vinaruhusu. Kiswahili kinatenganisha maana hizo mbili, Kifaransa vilevile. Anayepitia Kiingereza kwanza hukuta neno moja linalobeba zote mbili, akachanganyikiwa bure. Tena Kiingereza humfanya atafute kineno cha kuweka katikati, akaandika "je veux à partir". Baada ya "vouloir", "pouvoir", "devoir" na "savoir" hakuna kineno chochote.

Angalia pia ukanushi. "Je ne peux pas venir", siwezi kuja: kinachokanushwa ni kitenzi cha kwanza. Ukitaka kukanusha cha pili, "Je préfère ne pas sortir", napendelea kutotoka. Hapo "ne" na "pas" zimeshikana mbele ya kitenzi, zikifanya kazi ya "-to-" yetu. Na mtendwa je? "Je veux la voir", nataka kumwona. Katika lugha zote mbili mtendwa amesogezwa kwenye kitenzi cha pili, kwa sababu ndiye anayeonwa, si anayetakwa. Ukiandika "je la veux voir" umekwenda kinyume na Kifaransa cha leo, na pia umekwenda kinyume na Kiswahili chako.

Hata mpaka wa kanuni yenyewe unafanana. Ukisema "nataka kuja", anayetaka na anayekuja ni mmoja. Akiwa mwingine, unabadili: "nataka uje". Kifaransa nacho huacha umbo la kamusi hapo: "Je veux que tu viennes."

Sasa, Kiswahili kinaweza kukuponza mahali patatu, na hapo uwe macho.

Kwanza ni "lazima". Sisi husema "lazima niende" au "inabidi niende", kitenzi cha pili kikabeba nafsi. Kwa "devoir" usifanye hivyo: "Je dois aller au marché." Ukitumia "il faut", anza na umbo la kamusi, "Il faut travailler", na "il" hiyo haibadiliki hata kama wanaohusika ni kumi.

Pili ni mazungumzo ya mtaani: "naweza nikaja". Yanazaa "je peux je viens". Ijaribu kwanza kwa Kiswahili cha darasani, "naweza kuja", ndipo uandike.

Tatu, na hili huwanasa hata walio hodari, ni "-ji-". Kwetu "-ji-" ni moja kwa nafsi zote: kujitambulisha, iwe mimi au sisi. Kifaransa hubadilisha: "Je vais me présenter", "nous allons nous présenter". Kwa hiyo "je vais se présenter" ni kosa, ingawa kitenzi chenyewe hakijabadilika.

Wapo walimu wenzangu wanaoona kwamba kutegemea visaidizi ni kukwepa kazi. Sikubaliani nao. Chukua vitenzi sita, "aller", "venir", "vouloir", "pouvoir", "devoir" na "savoir", katika wakati uliopo. Ni maumbo 36 ya kukariri. Ukishayamiliki, kila kitenzi unachokijua kwa umbo la kamusi kinakuwa chako. "Je vais manger", nitakula. "Je viens de manger", natoka kula sasa hivi. Hapa "de" ni ya lazima. Ongeza "je voudrais", ningependa, kwa ajili ya adabu, na barua ya mwaliko inajiandika: "Je vais fêter mon anniversaire samedi. Je voudrais t'inviter. Tu peux venir avec ta sœur. Il faut arriver avant midi." Mwenzako aliyetumia wiki nzima kukariri majedwali ya vitenzi themanini hajakuzidi kitu katika barua hiyo.

Walimu hao wana haki katika jambo moja: wakati uliopita huwezi kuukwepa. Na hapo ndipo penye mtego wa masikio, kwa kuwa "parler", "parlé" na "parlez" hutamkwa sawa. Ukisita, weka "vendre" mahali pa kitenzi hicho. "Je veux vendre" inakubali, basi andika "je veux parler". "J'ai vendre" inakataa, inataka "j'ai vendu", basi andika "j'ai parlé". Fanya jaribio hilo kwa penseli pembeni ya karatasi, kisha futa.