Mnyonge Mnyongeni, Fundi Mpeni Jina Lake

Na Mzee wa Koti

Mfawidhi alimshukuru mwenye viti. Akamshukuru mwenye jenereta, ambayo haikuwashwa kwa kuwa stima haikupotea. Akamshukuru mwakilishi wadi aliyetuma salamu badala ya pesa. Mwanamke aliyewavika watoto wote waliotutoa machozi Jumamosi kwenye tamasha la drama la shule hapa Kitale hakutajwa kwa jina, kwa cheo, wala kwa bahati mbaya.

Nimekasirika. Wanaonifuata kila wiki wanajua kwamba mimi hukasirika kwa awamu, na hii ni awamu ya mwisho.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Msiniulize nilifikaje, mwandishi wa safu hii hajawahi kuketi alipoelekezwa. Huko nilimkuta fundi huyo amepiga magoti, pini mdomoni, tepu shingoni, akimgeuza ajuza kuwa bibi harusi kabla wimbo haujaisha. Binti alikuwa amelivaa gauni la harusi tangu mwanzo, chini ya matambara ya uzee. Matambara yenyewe hayakuwa na kifungo hata kimoja. Mgongoni yalishikwa na vitepe vya kunata. Ukivuta mara moja, uzee wote unaanguka sakafuni. Ukumbini watu walipiga vigelegele wakidhani wameona muujiza. Mimi niliona hesabu.

Joho la mfalme lilikuwa pazia la mitumba, na ndani yake fundi alitia gunia ili lining'inie kwa uzito wa enzi. Begani pake mfalme alikuwa na ngozi ya mbega. Shika moyo, hakuna mnyama aliyeuawa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na fundi huyu anaijua sheria kuliko baadhi ya wageni wa heshima. Ilikuwa mkonge, umechanwa uzi kwa uzi, nusu umeachwa mweupe na nusu umepakwa rangi ya viatu. Ukiwa safu ya tatu ungeapa mbega ameshuka Mlima Elgon asubuhi hiyo.

Halafu mfalme akaugua homa, akaletwa mfalme mwingine, mrefu kama mlingoti. Mwalimu akashika kichwa. Fundi akashika mkasi, akafumua pindo, na kitambaa kikateremka hadi kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa ameacha akiba ndani ya pindo tangu siku ya kukata. Anazijua shule.

Na wachezaji wa kamabeka je? Ngoma hiyo ya Wabukusu ni mabega matupu. Shati la kawaida lingepasuka kabla ya ubeti wa pili. Kila kwapa alilitia kiraka cha pembe nne, ili bega likiruka shati lisifuate hadi kitovuni. Hakuna aliyekiona kiraka kile. Ndiyo kazi yenyewe.

Msomaji wangu wa Webuye ataandika tena kuuliza mwenye koti lile la kahawia ana haki gani ya kuzungumzia mavazi. Koti ni langu, macho pia ni yangu.

Basi mwamuzi akasimama, akasema maleba yalizungumza kabla ya waigizaji kufungua kinywa. Kombe likatoka. Nani akalipokea? Mwalimu mwelekezi, kwa suti ambayo, Mungu anisamehe, ilihitaji fundi.

Sababu ya kumsahau fundi ni moja. Tumeifanya cherehani kuwa adhabu ya waliofeli mtihani, na mtu tukishamhukumu hivyo, hatuamini kwamba ana kipaji. Tunadhani nguo za jukwaani hujishona. Lakini nenda Chwele, kwa Wabukusu, mwaka wa tohara, Agosti, umtoe kijana akaalike watu bila shanga na bila kengele za chinyimba mikononi. Shangazi zake watadhani ametumwa chumvi.

Wenzetu waliamka zamani. Marekani walianza kuwapa wabunifu wa mavazi tuzo ya Oscar mwaka 1949, miaka kumi kabla tamasha letu la kitaifa la drama kuzaliwa. Ruth E. Carter aliipata mwaka 2019 kwa filamu ya Black Panther, akaipata tena mwaka 2023. Na mavazi ya wale wanawake walinzi wa mfalme wa filamu hiyo aliyabuni akiangalia wapi? Kwa Wamasai na Waturkana. Ndiyo, Waturkana haohao tunaopishana nao kwenye stendi ya Kitale bila kugeuza shingo. Yeye aligeuza shingo, akarudi kwao na sanamu ya dhahabu.

Wakuu wa shule, kuanzia Suam hadi Kanduyi, nawaomba mambo mawili. Kwenye programu ya tamasha, jina la fundi lichapishwe chini ya jina la mtunzi, kwa herufi za ukubwa uleule. Na pesa zake zilipwe kabla wageni hawajanawa mikono, maana nimesikia kwamba deni la maleba ya mwaka jana bado linazungushwa ofisini.

Anayeona nimezidisha ana njia rahisi. Msimu ujao awapandishe mfalme, ajuza na bibi harusi jukwaani wakiwa na sweta za shule, tuone kombe litaenda kwa nani.