Plasta na Panadoli

Wapo walimu wanaowapunguzia wanafunzi alama kwa kuandika "plasta", wakidai kuwa ni neno la kigeni. Hatukubaliani nao hata kidogo. Neno hilo limekwisha toholewa. Lataja kitu, wala halimtaji mfanyabiashara. Huko Marekani kitambaa hicho cha gundi huitwa Band-Aid, jina la bidhaa iliyokuwa ya kampuni ya Johnson & Johnson, iliyobuniwa na Earle Dickson mwaka 1920. Sisi huku Masasi na Newala, mbanguaji wa korosho akijikata kidole, twaomba plasta dukani, na muuzaji hutoa yoyote aliyo nayo.

Neno lililostahili kutuudhi ndilo tulilolikumbatia: "panadoli". Hilo ni jina la mwenye mali. Dawa yenyewe ni parasetamoli, nayo huuzwa kwa majina mengi. Mgonjwa humeza "panadoli", kisha hununua dawa ya mafua yenye parasetamoli ile ile, akameza tena. Dozi ikizidi, ini ndilo liumialo. Hapo kosa si la sarufi! Mwalimu mwenye kalamu nyekundu na aandike "parasetamoli" ubaoni, kisha awatume wanafunzi wakalitafute neno hilo kwenye pakiti za dawa nyumbani kwao.