Degedege ikirudi, toa simu

Ukingoja matatu ya Wundanyi pale stejini Voi, hizi stori utazisikia tu. Mtoto wa fulani kashikwa na degedege. Huyu anasema ni dege limempitia, yule anasema ni malaria, itaisha. Mwingine anamlaumu mama.

Ni kweli, watoto wengi hushikwa na degedege wakiwa na homa, kisha wanapona kabisa. Lakini kuna kifafa adimu kinachojificha humo humo. Kinaitwa Dravet, jina la daktari wa Ufaransa, Charlotte Dravet, aliyekieleza mwaka wa 1978. Mtoto alikuwa sawa, hajafikisha hata mwaka. Homa ikipanda anatetemeka, mara nyingi upande mmoja, na dakika tano zinapita hajatulia. Wiki kadhaa baadaye, inarudi.

Mwaka wa 2001 watafiti waligundua chanzo: hitilafu kwenye jeni ya SCN1A. Mara nyingi hitilafu hiyo huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana. Kwa hivyo wewe unayemnyooshea mama kidole na kutaja ukoo wake, unamwonea bure.

Tena vipimo vya ubongo mwanzoni huweza kuonyesha kila kitu kiko sawa. Na dawa za kifafa si sawa zote: kabamazepini, inayowasaidia wagonjwa wengi, huweza kumzidishia mtoto wa Dravet. Usimwachishe mtoto dawa kivyako, lakini daktari lazima ajue ni kifafa gani anatibu. Atajuaje kama mtoto anafika hospitalini ametulia, na nyumbani hakuna aliyeangalia saa?

Hapo ndipo wewe unaingia. Si tunarekodi kila kitu, hata chapati? Basi mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, kisha rekodi: upande gani unatetemeka, macho yakoje. Ikipita dakika tano, mkimbizeni hospitalini, iwe Moi pale Voi au yoyote iliyo karibu. Mwonyeshe daktari hiyo video, na umuulize waziwazi kama inaweza kuwa Dravet.

Usiiweke kwa status. Hiyo video ni ya daktari peke yake.