Mali Bila Daftari

Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 kikatambuliwa. Hata hivyo hakikurejeshwa kwa Tanzania ila mwezi Mei 2010, baada ya majadiliano ya miaka ishirini.

Je, jambo hili lawahusu nini watu wa Sumbawanga? Lawahusu sana. Mababu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo yaliyompita mtu kimo, yaliyovuta upepo yenyewe pasipo mivukuto. Kinyago kile kilikuwa na mwenyewe aliyejulikana, naye akasimama kukidai. Lakini jembe la babu, mkuki wake na kitambaa chake cha pamba, vikichukuliwa leo na mchuuzi apitaye, kesho tutavidai kwa ushahidi gani?

Wafanyakazi, walimu na viongozi wa vijiji hawana budi kuanza sasa. Kila kitu kipigwe picha. Liandikwe jina lake, la mwenyewe na la mahali kilipo. Wazee waulizwe wangali hai. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.