Msimfiche Mjamzito Nyuma ya Panya

Kampeni ya ivamektini, dawa ya ugonjwa wa usubi, inapofika vijijini Maridi na Mundri, Sudan Kusini, mgawa dawa huja na kijiti cha kupimia urefu na daftari lake. Mtoto asiyefika sentimeta 90 huwekwa kando. Mgonjwa mahututi naye hapewi. Kisha mwanamke anaulizwa kama ana mimba. Akikubali, anaambiwa asubiri awamu nyingine, na awamu hiyo ikifika huenda ana mimba nyingine. Hivyo anakaa na minyoo ya usubi mwilini miaka nenda miaka rudi, na kila mtu anasema amelindwa.

Hapa New Site, Juba, ninaishi na watu waliotoka huko. Wanalea watoto wenye kifafa, na wengine wenye ule ugonjwa wa kutikisa kichwa ambao watafiti wanauhusisha na usubi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo ya panya na kondo la nyuma ni ya maabara za Ulaya, sisi hayatuhusu.

Hofu ya kumpa mjamzito ivamektini ilitoka wapi? Ilitoka kwa panya na sungura waliopewa dozi kubwa mno, kiasi cha kumdhuru mama mwenyewe, wakazaa watoto wenye kaakaa lililopasuka. Lakini kuna panya wa maabara wa ukoo wa CF-1, na baadhi yao wana kasoro ya kurithi: kondo lao halina P-glikoprotini, ile protini inayosukuma dawa irudi kwenye damu ya mama. Mwaka 1998 watafiti walionyesha, kwa kemikali ya jamii hiyo hiyo ya avamektini, kwamba vijusi vilivyokosa protini hiyo ndivyo vilivyopasuka kaakaa. Vilivyokuwa nayo kikamilifu vilisalimika. Kondo la binadamu linayo, tena nyingi zaidi katika miezi ya mwanzo ya mimba.

Sisemi ivamektini ni salama kwa mjamzito. Ninachosema ni kwamba tumeridhika kutojua, na hilo linanichoma. Kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987. Tangu hapo zimemezwa dozi za kuhesabiwa kwa mabilioni, na bila shaka wanawake wengi waliimeza kabla ya kujua kwamba wana mimba. Mwaka 2020, wachambuzi walipokusanya tafiti zote walizoweza kuzipata, walikuta taarifa za mimba zisizofika 1,000, wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi. Miaka 33, mabilioni ya dozi, na karibu hakuna aliyeona haja ya kuwahesabu akina mama hawa!

Tena panya si binadamu: hubeba mimba wiki tatu tu. Katika kondo lake, damu ya mama na ya mtoto hutenganishwa na tabaka tatu za seli za kondo. Kwetu ni moja. Kondoo, ambaye maabara nyingi humpenda, kwa kawaida damu yake haigusi kondo la mtoto. Nyani ndiye anayetukaribia, na Afrika Mashariki tunayo taasisi ya utafiti wa nyani pale Karen, Nairobi, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Huko nyani wametumika hata kuchunguza malaria inayojificha kwenye kondo. Kazi hiyo naiheshimu. Mnyama anaweza kutuonyesha pa kutazama, lakini hukumu si yake.

Tazameni yaliyotokea kwa dawa za malaria. Wanyama waliopewa artemisinini walipoteza mimba, basi kwa miaka mingi mwanamke wa Juba mwenye mimba changa aliandikiwa kwinini: siku saba za uchungu mdomoni, masikio yakivuma, sukari ikishuka. Kumbe kima waliopoteza mimba walipewa dawa siku 12 au zaidi mfululizo, na binadamu humeza siku tatu. Ni taarifa za wajawazito wenyewe zilizokata shauri, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali artemetha-lumefantrini, dawa ya jamii hiyo, itumike katika miezi mitatu ya kwanza. Wangapi waliteseka na kwinini, au waliishia njiani bila kumaliza dozi, tukingoja?

Watu hunitajia thalidomaidi, dawa iliyowafanya wajawazito wazae watoto wenye viungo pungufu, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi 1961. Naikubali changamoto hiyo. Panya hawakuonyesha madhara yale. Sungura na kima, walipojaribiwa baadaye, waliyaonyesha. Na wale akina mama hawakuwa kwenye utafiti wowote wa kisayansi. Waliipata kwa madaktari na madukani, bila mtu wa kuandika nini kinawapata. Sisi leo tumewaacha wajawazito wetu palepale.

Hata Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini mwaka 2018, wajawazito walinyimwa chanjo hadi mwaka uliofuata, ingawa ugonjwa ule huua karibu kila kijusi.

Wizara ya Afya ianze Juba, katika Hospitali Kuu ya Mafunzo. Kila anayejifungua aulizwe alimeza dawa gani na mwezi gani wa mimba, jibu liandikwe kando ya hali ya mtoto. Hilo linahitaji daftari, kalamu na mkunga anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Mama akiridhia, na mila za familia yake zikiruhusu, kondo lake lichunguzwe kabla ya kuzikwa: tangu miaka ya 1970 wanasayansi wanajua kulipitishia kimiminiko kwa saa kadhaa na kupima dawa inayovuka. Na kampuni inayoomba kusajili dawa mpya Juba, Nairobi au Dar es Salaam iulizwe siku hiyo hiyo imepanga lini kuijaribu kwa wajawazito. Ikijibu kwa panya peke yake, ipewe tarehe ya kurudi na jibu kamili, na tarehe hiyo itangazwe hadharani.