Gofu ya visahani: heri kuanza na kiwanja kifupi

Gofu ya visahani, ule mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki hadi kitue kwenye kikapu cha minyororo, ilipata kiwanja chake cha kwanza cha kudumu California mwaka 1975, ndani ya bustani ya umma. Aliyekichora, Ed Headrick, ndiye aliyebuni pia kikapu hicho. Leo Marekani na Ufini viwanja vingi viko bustanini, na kucheza ni bure.

Kinachonitia wasiwasi ni urefu. Mabingwa hurusha zaidi ya mita 120, na wachoraji wengi huwatazama wao. Anayeanza akifikisha mita 50 ashukuru. Mpe shimo la mita 200 katikati ya miti (huitwa shimo, ingawa hakuna shimo): atarusha mara saba, apoteze kisahani, na walio nyuma yake waanze kuguna. Kesho harudi. Hata mie nisingerudi.

Mashimo tisa ya mita 50 au 60 humalizika kabla ya saa moja kwisha. Mama aliyetoka kazini anaweza kucheza na mwanawe. Ardhi ni ya umma, kodi ni ya wote. Halmashauri yenye pesa za kiwanja kimoja tu ijenge kifupi. Bingwa ana gari, atakifuata kirefu kilipo.